Chakula cha msaada ni haki: wanapokata liste, tusinyamaze

*Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa vijana, komini ya Bulengera, mjini Butembo. Tunayaweka hapa juu ya wale ambao hawakuweza kufika, na wale walioomba wayasome pole pole.*



Leo sitaongea juu ya mazungumzo ya Doha wala mikataba ya Washington. Kila mtu hapa iko na simu, munafuata. Nitaongea juu ya unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Hivyo vitu vine ndivyo vinaingia katika mfuko wa msaada, na tangu mwaka jana vinapungua. Watu wananung'unika nyumbani, wananung'unika kwa robinet, lakini ni wachache wanaosimama kuuliza kwa sauti: nani amekata, kwa sababu gani, na kisha tutakula nini?

Ninachotaka tuondoke nacho ni hiki: chakula cha msaada kwa familia isiyo na kitu ni haki, na haki ikikatwa mtu anauliza. Wa kwanza kuulizwa ni Leta yetu. Wa pili ni wale wanaoleta msaada. Na kuko swali letu sisi wenyewe vijana, nitafika kule.

Kitu gani kimetokea

Tuanze na hesabu, juu watu wengi wanaongea njaa kwa kukisia. Kuko uchunguzi unaoitwa IPC. Unapima njaa kwa ngazi tano. Ngazi ya kwanza ni familia inayokula bila shida. Ya tatu ni familia iliyo katika taabu: inaruka chakula, ao inauza vitu vya nyumba ili ikule. Ya nne ni dharura: familia imeuza jembe, imeuza mbuzi wa mwisho, pengine imeuza shamba lenyewe. Hata vita ikiisha kesho, haina cha kuanzia. Ya tano ni njaa yenyewe, ile ya kuua watu kwa wingi.

Mwezi wa 3 mwaka 2025 uchunguzi ule ulionyesha kwamba Wakongomani karibu milioni 28 walikuwa katika ngazi ya tatu na kupanda. Ni karibu mtu mmoja kwa kila watu wane. Kati yao, milioni 3,9 walikuwa tayari katika ngazi ya nne. Tena wengi wa wale wako huku kwetu mashariki.

Sasa angalieni tarehe mbili. Tarehe 20 mwezi wa 1, 2025, rais wa Marekani aliweka saini ya kusimamisha msaada wa nje. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilikuwa imetoa karibu 70% ya pesa za misaada ya kiutu hapa Kongo. Siku saba kisha, tarehe 27, M23 waliingia Goma. Depo za chakula ziliporwa. Uwanja wa ndege, ambao misaada mingi ilikuwa inapitia, ulifungwa. Mwezi wa 2 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Ndani ya wiki chache, pesa zilikatika na vita ikapanda, vyote pamoja.

Na haikuishia pale. Mwezi ule ule wa 2 Uingereza ilitangaza kwamba itapunguza msaada wake wa nje hadi 0,3% ya pato la taifa kufikia 2027. Tarehe 1 mwezi wa 7, USAID ilifunga mlango. Mwezi wa 11, PAM ilisema yenyewe: mashariki ya Kongo walianza mwaka wakisaidia karibu watu milioni moja, na sasa wamebaki na pesa za kusaidia karibu 600.000.

Tufanye ile hesabu ya kutosha. Watu 400.000 hawakushiba mwaka jana. Vita haikuisha kwao. Walitoshwa tu kwenye liste.

Ndani ya sufuria

Kuna watu wanasema: «Ile mifuko ni kidogo, haibadilishi kitu.» Mimi ninawaomba waingie jikoni.

Kipimo wanachofuata mashirika ni kwamba mtu, kwa wastani, anahitaji kalori 2.100 kwa siku ili asimame. Mfuko kamili wa unga, maharagwe, mafuta na chumvi unapigwa hesabu juu ya kipimo kile. Wakitangaza kwamba watatoa nusu, ni kusema kalori 1.050. Mtu hawezi kulima kwa ile. Mama hawezi kunyonyesha vizuri kwa ile.

Lakini Butembo hesabu ni mbaya zaidi, na nataka tuielewe vizuri juu inatuhusu moja kwa moja. Wakati vita ilifika Kanyabayonga, Kayna, Kirumba, katikati ya mwaka 2024, watu walipanda huku kwa miguu, kwa moto, juu ya malori. Wengi hawakulala kwa kambi. Waliingia ndani ya nyumba zetu. Shangazi alipokea, rafiki wa kanisa alipokea, hata mtu ambaye walikuwa wanauziana viazi tu alipokea. Nyumba ya watu saba ikakuwa ya watu kumi na wane. Hapa ndani ninaona nyuso kumi zinazojua kitu ninachosema.

Shirika likifika, linahesabu wadeplase. Familia iliyopokea mara nyingi haiko kwenye liste, ama iko kidogo sana. Lakini jikoni sufuria ni moja. Hakuna mama wa Butembo atapika bugali mbili, moja ya wageni na moja ya watoto wake, kisha afunge mlango kati. Kwa hiyo karte moja ikikatwa, ni familia mbili zinalala njaa. Ile ya pili haitaonekana katika raporti yoyote, juu haikuandikwa tangu mwanzo.

Na kukatwa kuna hatua zake. Hakuna anayekufa siku ya kwanza, ndiyo maana wakubwa hawaoni. Kwanza ndakala zinatoka kwenye sahani. Kisha mafuta, mnakula sombe ya kuchemsha tu. Kisha chakula cha mchana kinatoka, munabaki na cha mangaribi. Kisha mtoto mkubwa anaacha masomo ili abebe mizigo sokoni. Kisha msichana wa miaka kumi na sita anaanza kurudi usiku na franka, na hakuna mtu nyumbani mwenye nguvu ya kumuuliza ametoa wapi. Mwisho, baba ao mama anasema: «Afazali nirudie shamba langu.» Anarudi kule alikokimbia. Wako waliokwenda hivyo kuchimba muhogo na hawakurudi tena. Watu wa Beni na Oicha wanajua hii hadisi kuliko sisi.

Kwa mtoto mdogo kuko kipimo cha mkono, ule mkanda wenye rangi tatu. Chini ya sentimeta 11,5 ni nyekundu. Muganga akiona nyekundu, anatafuta haraka ile pakiti ya karanga ya kuponya utapiamlo. Lakini nyekundu ni mwisho wa safari iliyoanza siku mafuta yalitoka kwenye sufuria. Tukisubiri nyekundu ndipo tuongee, tutakuwa tunaongea kwenye kilio.

Maneno yanayotufunga midomo

Nimeongea na watu wengi katika hizi wiki. Nimesikia maneno mane yanayorudi rudi. Nitayajibu moja moja, juu munaporudi nyumbani mutayakuta.

La kwanza: «Ile ni zawadi ya Mzungu. Zawadi hauulizi uzito.»

Mimi nasema tufungue Katiba yetu ya 2006. Artikle 47 inasema haki ya afya na ya usalama wa chakula inahakikishwa. Katiba haikusema «inahakikishwa kama wageni wako na pesa». Ni deni la Leta kwa raia. Leta ikishindwa kulilipa peke yake na ikawaacha mashirika walilipe, deni halijageuka zawadi.

Tena hata upande wa mashirika: wakienda kutafuta pesa kwa nchi kubwa, wanaonyesha hesabu yetu. Wanasema watu kadhaa wako na njaa huko Lubero, huko Djugu, huko Fizi. Tulihesabiwa ili pesa zitoke. Mtu aliyehesabiwa iko na haki ya kuambiwa pesa zimefika ngapi na zimekwenda wapi.

La pili: «Msaada unaleta uvivu.»

Hili linaniuma sana, juu ninalisikia kwa vijana wenzangu wenye diplome. Watu wa kusini mwa Lubero ndio walikuwa wanalisha miji. Viazi, maharagwe, choux, poireau, vilishuka Goma na vilipanda Butembo kila siku. Wale watu walipoteza mashamba, hawakupoteza mikono. Mtu aliyetembea kutoka Kanyabayonga na mtoto mgongoni na godoro kichwani, wewe uliyeamka saa tatu utamwita mvivu?

Ninajua harakati yetu imesema mara nyingi kwamba Kongo haiwezi kuishi kwa kunyoosha mkono. Nilisema hivyo, na nitaendelea kusema. Nchi yenye udongo na mvua kama hii haikupaswa kungojea unga wa meli. Lakini kutoka katika ile hali ni kazi ya miaka: barabara, mbegu, usalama, bajeti. Hatuwezi kumlipisha mama mdeplase gharama ya mabadiliko ambayo wakubwa wa nchi hawajafanya. Kama tunataka heshima, tuitafute kwa wale waliokula bajeti, tusiitafute ndani ya sahani ya mtoto.

La tatu: «Amani kwanza. Vita ikiisha, kila mtu atakula kwake.»

Sote tunataka amani, na tumeilipia. Lakini mazungumzo yanaweza kukawia mwaka, na tumbo linadai leo mangaribi. Tena njaa inalisha vita. Kijana ambaye hajala siku mbili, akimuona mwenzake wa kikundi anakula nyama, hakuna atakayemhubiria kwa muda mrefu. Kila karte inayokatwa ni mlango unaofunguliwa kwa wale wanaoandikisha vijana porini.

La ine ndilo linasemwa kwa sauti ndogo: «Ukiongea mingi, watakutosha kwenye liste.»

Hili si uongo. Kwetu kwa kartie mwaka jana liste ilipita, na asubuhi tukakuta majina ya watu wenye nyumba za ngazi, na mjane mwenye watoto watano hakuwamo. Kuko waliosema waliombwa franka ili wapewe jetoni. Sitataja jina la mtu hapa, juu tuko na njia ya kupeleka malalamiko na tunaifuata. Lakini munaona jinsi inavyokuwa: yule aliyeiba anategemea woga wa yule aliyeibiwa.

Na kama munaona kuongea hakufanyi kitu, kumbukeni kitu kilichotokea huku huku kwetu. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, kulikuwa wafanyakazi wa misaada waliowadai wanawake miili yao ili wawape kazi. Kila mtu alijua, kila mtu alinyamaza. Kisha wanawake wa Beni na wa hapa Butembo waliongea na waandishi wa habari. Mwaka 2021 tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa raporti: watu 83 walioshukiwa, na 21 kati yao walikuwa wanafanyia kazi OMS yenyewe. OMS iliomba msamaha mbele ya dunia. Haki yote haijapatikana, ninajua. Lakini kama wale wanawake wangesema «tutatoshwa kwenye liste», hata ile raporti isingekuwako.

Leta iko wapi?

Makamarade, nimesikia watu wakilaani Marekani. Ni haki yao. Lakini mimi sikupiga kura Marekani, na depite wa Marekani hatakuja kuniomba kura 2028. Tuangalie kwetu.

Tuko na wizara ya mambo ya jamii, ya kazi za kiutu na ya mshikamano wa kitaifa. Kazi yake iko ndani ya jina lake. Mwaka 2003, pale Maputo, wakubwa wa nchi za Afrika waliahidi kuweka angalau 10% ya bajeti zao kwa kilimo. Kongo imeshindwa mara nyingi kufika pale. Bajeti ya 2025, vile ilivyopitishwa, ilizidi dola bilioni 17. Ni nchi inayohesabu mabilioni, na wakati pesa za wageni zilipokatika, hatukuona mtu wa Kinshasa anayesimama kusema: wale 400.000, Leta itabeba angalau sehemu hii.

Sisemi Leta inaweza kubeba yote kwa siku moja. Ninasema haikuulizwa. Na kitu ambacho hakiulizwi hakiingii kwa bajeti.

Tunaomba nini

Tumekaa katika kamati na tumeandika mambo matano. Ninayasoma pole pole.

1. Leta iweke ndani ya bajeti mstari wake wa chakula kwa wadeplase na familia zinazowapokea, na mstari ule uonekane, na kila miezi mitatu tuambiwe kilichotoka.

2. Shirika linalokata msaada liarifu watu mbele, katika Kiswahili na Kinande, na liseme sababu. Mama asiende kusimama kwenye mstari tangu saa kumi na moja asubuhi ili aambiwe karte yake imekufa.

3. Liste ziwekwe wazi kwa watu wa avenyu kabla ya kugawa, mbele ya kamati yenye wadeplase wenyewe, wanawake wakiwa nusu, na shefu wa kartie asikuwe peke yake na kalamu.

4. Familia zinazopokea zihesabiwe. Sufuria ni moja, hesabu ikuwe moja.

5. Pale ambapo barabara inapitika, chakula kinunuliwe kwa wakulima wa huku. PAM iko na desturi ya kununua sehemu ya chakula ndani ya nchi inamofanya kazi. Maharagwe ya hapa yakinunuliwa hapa, franka inabaki kwa mkulima na chakula kinafika kwa mdeplase.

Tutafanya nini, na lini

Sasa ile kazi yenyewe. Artikle 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia Leta petisyo, peke yake ao pamoja na wengine. Leta inalazimika kujibu ndani ya miezi mitatu. Na ile artikle inaongeza kwamba hakuna mtu anaweza kushitakiwa kwa sababu ya petisyo. Andikeni hiyo kwa simu zenu, juu mutaulizwa barabarani.

Bunge linakuwa na vikao viwili kwa mwaka. Cha kwanza ni kuanzia tarehe 15 mwezi wa 3 hadi tarehe 15 mwezi wa 6. Cha pili kinaanza tarehe 15 mwezi wa 9, na ndicho cha bajeti. Kwa hiyo tukiweka petisyo mezani mwanzo wa mwezi wa 6, miezi mitatu itaisha mwanzo wa mwezi wa 9, siku chache mbele depite wafungue dosye ya bajeti. Watakuwa wametujibu ao watakuwa wamevunja Katiba, na vyote viwili tutavitangaza.

Petisyo itakwenda kwa gavana, ambaye ofisi yake imehamia Beni tangu Goma ilipoanguka. Itakwenda kwa wizara Kinshasa, na kwa kila depite aliyechaguliwa huku. Nakala itapelekwa kwa PAM na kwa mabalozi wa nchi zinazolipa. Kila nakala itapigwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi isiyo na muhuri haijawahi kufika popote, munajua ofisi zetu.

Tunagawana komini zote nne: Bulengera, Kimemi, Mususa, Vulamba. Kila kikosi ni watu watano, wawili angalau wakuwe wasichana, juu kuko mambo ambayo mama hatamwambia kijana mwanaume. Mutapita avenyu kwa avenyu. Mutauliza maswali matatu tu: muko wangapi mnaokula sufuria moja, mulipata msaada mara ya mwisho lini, na mulikula mara ngapi jana. Mutaandika hesabu bila kuandika majina. Anayetaka kuweka saini ataweka, asiyetaka mutamwachia amani.

Nisikilizeni vizuri juu ya kanuni, bila hizi kazi yote inaharibika.

Hatupigi picha mtu mwenye njaa ili tupate «likes». Mtoto mwenye mbavu nje iko na mama, na yule mama iko na haya kama mama yako.

Hatuahidi kitu. Ukiingia kwa nyumba na karatasi na kalamu, watu watazani wewe ni wa shirika. Sema tangu mlango: «Mimi ni kijana wa harakati, sina chakula, nimekuja kuandika sauti yenu.»

Hatutupi jiwe, hatuchomi depo, hatusimamishi lori la msaada. Lori likisimamishwa, anayelala njaa si mkubwa.

Tuko chini ya etat de siege tangu mwezi wa 5, 2021. Munajua maana yake, kuko wenzetu waliolala korokoroni. Artikle 26 inaomba tuarifu kwa maandishi kama tunataka kutembea barabarani. Tutaarifu mbele, kila mara, na tutashika nakala. Lakini petisyo ni karatasi na saini, na mlango kwa mlango ni mazungumzo. Tuanze na ile ambayo ni vigumu kuipiga risasi.

Kwa wenye diplome bila kazi

Swali letu sisi wenyewe, nilisema nitafika. Hapa ndani tuko wengi tuliomaliza chuo. Mimi niko na lisansi ya ekonomi, ni mwaka wa pili sasa, na kila asubuhi ninajibu salamu za majirani: «Ee docta, bado kazi?» Diplome iko kwa sanduku chini ya shuka.

Wako watakaosema: munafanya hii ili mupate kazi kwa ONG. Ndiyo maana tumeweka kanuni: mtu anayepita kuchukua saini hatajiandikisha kwa liste yoyote ya msaada kupitia hii kazi, wala hatatumia ile hesabu kuombea nafasi. Hesabu ni ya harakati na ya watu waliotoa.

Lakini diplome yangu haikulala kabisa. Shirika likibandika tangazo la Kifaransa ukutani, mama aliyetoka Kirumba hawezi kulisoma, mimi ninaweza. Wakitangaza nusu ya mfuko na kugawa robo, yeye anahisi kwa uzito wa mkono, mimi ninaweza kuipiga hesabu na kuiandika. Barua ya kwenda kwa gavana inataka mtu anayejua kuandika barua. Wazazi wetu waliuza ng'ombe na mashamba ili tujue vitu hivyo. Saa mbili kwa juma, tuzitumie kwa jirani. Tuko na saa, tusidanganyane.

Kesho saa nane tunakutana hapa hapa kugawa avenyu. Kuja na kalamu yako, na rafiki mmoja ambaye hakufika leo. Wamama, nyinyi tunawaomba kitu kimoja: kijana akifika kwa mlango, mwambieni ukweli wa sufuria, bila kuongeza na bila kuficha.

Wakituuliza ni nani ametutuma, tuwajibu: artikle 47. Wakiuliza kwa nini tunaongea mambo ya wadeplase wakati sisi si wadeplase, tuwajibu kwamba tunakula pamoja.